Muundi wa Asankul

Amekuja na picha zake za zamani
ndani ya mfuko wa shayiri, zimefungwa kwa hatamu iliyokatika.
Theluji ya Naryn bado iko mabegani mwake.
Nazipanga kwenye ubao wa mwanga
kama mtu apangaye karata asizotaka kuzicheza.

Ya kwanza: mtoto wa miaka kumi na mmoja.
Farasi alimpiga teke Jumanne,
Ijumaa homa ikapanda, mguu ukaumuka kama mkate tanurini.
Lakini mfupa pichani hauna neno.
Klavdia, aliyeishika kazi hii kabla yangu,
aliandika pembeni kwa wino mweupe: *Hakuna kitu.*
Hakukosea. Mfupa ni mzito wa kusema.
Wiki mbili hukaa kimya,
ilhali moto umeshaingia kwenye uboho.

Ya pili, mwezi mmoja baadaye:
utando umebanduka, na kando ya muundi
umechorwa mstari mwembamba, ganda juu ya ganda, kama kitunguu.
Ndani, vitobo vya giza,
ubao uliobunguliwa.

Ya tatu haipo.
"Tuliitumia kutazamia jua lilipopatwa,"
asema Burulai, bintiye. "Ukoo mzima, kwa zamu, jicho moja moja.
Baba akatuambia: tazameni, mwezi unapita mguuni mwangu."
Anacheka. Baba yake hacheki. Anavua kiatu.

Ya nne siitaji. Imekunjwa katikati, imeharibika,
na harufu ya bandeji imeshanieleza yaliyomo.

"Usipumue," nilimwambia leo, kwa mazoea tu,
maana mguu haupumui.
Akabana pumzi hata hivyo, mzee wa watu,
mpaka nikasahau kumwachia.

Sasa filamu inachuruzika maji ya dawa, naisoma ikiwa mbichi.
Muundi umenenepa, umepinda kidogo kwa ndani.
Mfupa mpya umejijenga kuuzunguka wa zamani
kama ala na kisu,
na ndani ya ala, kipande cha urefu wa kidole changu cha shahada,
kilichoachwa na damu, kilichokufa sijui lini.
Ndicho cheupe kuliko vyote.

Watu hudhani kifo ni doa jeusi.
Njoo uone huku kwetu:
mfupa ulio hai huikopesha damu chokaa yake, ukafifia;
mfu haukopeshi mtu,
umekaa na weupe wake wote kama bahili na sanduku.
Ubavuni mwa ala pana tundu.
Ndio mlango wa usaha,
hufungwa kiangazi, hufunguka baridi ikikaza.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa.
Cha huyu kimo ndani zaidi,
na ni mwili wake mwenyewe uliokijengea nyumba.

Daktari Sulaimankul anaingia, hajakaa hata kidogo:
tupasue, tukitoe, tulioshe shimo, tulijaze.
Miezi sita bila farasi.
"Kondoo wanazaa Aprili," asema Asankul,
kama mtu atajaye sheria.
Kisha, kwa sauti ya chini: "Kikitoka hicho,
mguu utashikiliwa na nani?"

Daktari anagusa ile ala kwa ncha ya kalamu.
"Na huyu. Ndiye anayekushikilia miaka yote hii."

Kimya. Mashine inapoa, inatoa mlio wa kijiko kwenye bilauri.
Asankul anaichukua filamu kabla haijakauka,
anachechemea hadi mlangoni, anaiinua kwenye jua la juu ya theluji,
jicho moja amelifumba.
Maji yanamtiririkia ndani ya mkono wa koti.

Anaporudi, ananipa.
"Niandikie pembeni, kama yule mama."
"Niandike nini?"
"Kwamba kipo."

Wino mweupe wa Klavdia uko kwenye droo ya chini,
umekauka miaka mingi.
Naudondoshea mate kidogo,
nakoroga kwa kijiti cha kiberiti.